Uzi maalumu wa vepu za kurekebisha wati: soma koili kwanza, namba ya kwenye boksi baadaye

FundiWaya (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Swali ninaloletewa faragha kila mara ni moja: "Fundi, nataka vepu ya wati 200, nichukue ipi?" Nikiuliza wati 200 za kazi gani, kimya. Nimeona bora nifungue uzi niwe naelekeza watu hapa.

Kwanza kabisa. Uzi huu ni wa mtu mzima ambaye tayari anavuta sigara na anataka kuachana nayo. Kama huvuti, pita tu; nikotini ikishakushika haiulizi iliingia kwa moshi au kwa mvuke. Wenye watoto nyumbani, chupa ya juisi ya nikotini ni sumu, ifungieni kabatini. Mahubiri yameisha.

Tuje kwenye kifaa, yaani vepu au sigara ya umeme. Vitu vinavyokuhusu ni vitatu: betri, chipu na koili. Koili ni waya uliofungwa na pamba. Pamba inanyonya juisi, waya unashika moto, juisi inageuka mvuke. Chipu kazi yake ni kuchukua volti za betri na kuzipandisha au kuzishusha mpaka koili ipate zile wati ulizoweka kwenye kioo. Hakuna uchawi mwingine humo ndani.

Zamani haikuwa hivyo. Sigara za umeme zilizotoka China, baada ya mfamasia Hon Lik kubuni ya kwake mwaka 2003, zilikuwa na nguvu moja tu, na kadiri betri inavyochoka ndivyo mvuke unavyopungua. Kampuni ya Evolv ya Ohio, Marekani, ndiyo iliyotoa mwaka 2010 kifaa kiitwacho Darwin: wewe unachagua wati, chenyewe kinatafuta volti. Vyote vya kurekebisha wati mnavyoviona leo madukani, vingi vyake vikitoka Shenzhen, vinafuata wazo hilo hilo.

Sasa kosa linakoanzia. Mtu anaangalia namba kubwa kwenye boksi, 80, 100, 220, anadhani ananunua ubora. Namba ile ni mwisho wa chipu. Anayeamua utavuta kwa wati ngapi ni koili, na koili imeandikwa ubavuni. Utakuta "0.2Ω 50–60W", au "0.8Ω 12–16W"; Ω ni omu, kipimo cha ukinzani wa waya, na W ni wati. Ukiweka koili ya 0.8 kwenye mashine ya wati 220, bado utavuta kwa wati 14 au 15. Zile 200 zilizobaki umezilipia zikae bure.

Hesabu yake ni nyepesi: wati ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Koili ya 0.2 kwa wati 60 inataka karibu volti 3.5, na ampea 17 zinapita kwenye waya. Koili ya omu 1 kwa wati 14 inataka volti 3.7 na ampea zisizofika 4. Kwa hiyo mvutano wa 0.2 na mvutano wa 1.0 ni dunia mbili tofauti: tangi la juisi tofauti, juisi tofauti, betri tofauti. Chagua dunia yako kwanza, ndipo uende dukani.

Nitaendelea na betri. Anayetaka kuuliza aulize.

MpwaWaTanga

Mkuu, uzi umesimama. Nauliza kwa faida ya wengi: hizo dunia mbili ni zipi? Mimi ninavuta sigara, pakiti inanimaliza kwa siku. Niingie wapi?

FundiWaya

Mpwa, swali zuri. Sigara unaivutaje? Unajaza moshi mdomoni kwanza, ndipo unaushusha kifuani. Vepu inayoiga hivyo ina hewa ya kubana, koili ya omu 0.8 hadi 1.2, wati 10 hadi 18, na juisi nyepesi, nusu propilini glikoli nusu glisirini ya mboga. Nikotini yake inakuwa juu, miligramu 12 hadi 20 kwa mililita. Moshi mdogo, jirani hata hajui.

Dunia ya pili ni kuvuta moja kwa moja hadi kifuani kama shisha. Hewa imefunguliwa, koili ya 0.15 hadi 0.4, wati 40 hadi 80, juisi nzito yenye glisirini asilimia 70 na zaidi, nikotini 3 au 6. Wingu linajaza sebule.

Wewe wa pakiti moja anza na ya kwanza. Ndiyo ushauri ninaompa kila mvuta sigara, na ndiyo ushauri ambao wauza duka wengi hawautoi, maana tangi kubwa linakunywa juisi. Mtu wa wati 15 anamaliza mililita 3 hivi kwa siku. Wa wati 70 anazichoma 10 na zaidi bila kushtuka, na juisi ndiyo inayonunuliwa kila wiki, kifaa unanunua mara moja.

Na usichanganye hizo dunia. Ukitia juisi ya nikotini 20 kwenye koili ya 0.2 kwa wati 60, kichwa kitazunguka, jasho la baridi na kichefuchefu juu yake. Hapo umezidisha nikotini, weka chini, pata hewa.

BintiAggrey

Nimekaa pale na kahawa yangu. Fundi tuambie betri, maana huku mtaani kwetu kuna za kila rangi.

FundiWaya

Binti, nakuja huko huko Aggrey.

Betri inayotumika sana ni 18650. Namba hiyo ni vipimo vyake: unene milimita 18, urefu 65. Ikijaa ina volti 4.2, ya kawaida 3.6 au 3.7. Kaka yake mkubwa ni 21700.

Mtu anapotaja betri ya simu anauliza mAh, yaani umeme unaohifadhiwa ndani. Kwenye vepu, mAh ni ya pili. Ya kwanza ni ampea inazoweza kutoa mfululizo bila kuchemka. Samsung 25R ni mAh 2,500 na ampea 20. Sony VTC6 ni mAh 3,000 lakini ampea 15. Unaona? Uwezo wa kuhifadhi umeongezeka, uwezo wa kusukuma umepungua. Kwa hiyo ukikutana na 18650 ya rangi kali imeandikwa mAh 9,900, huo ni uongo mtupu. Viwanda vikubwa vyenyewe kwa miaka mingi vimekuwa vikigota kwenye 3,500 hivi. Hiyo ya 9,900 inafaa tochi, tena tochi ya kuazima.

Kuna jambo ambalo hata wauzaji wanalikosea. Kwenye mashine yenye chipu, omu za koili si zinazoitesa betri. Zinazoitesa ni wati. Chipu inaomba wati 60 kwa betri, na betri ikishuka hadi volti 3.2 inabidi itoe ampea nyingi zaidi ili kufikisha zile zile 60. Piga: 60 gawanya kwa 3.2, ongeza na hasara ya chipu asilimia 10, unapata karibu ampea 21. Betri ya ampea 20 tayari imepitilizwa kidogo. Kwa wati 40 ni ampea 14, umekaa vizuri. Kwa wati 80 ni ampea 28, na hakuna 18650 ya kawaida ya mtaani utakayoidai hivyo kwa amani.

Ndiyo maana mashine ya 18650 moja iliyoandikwa wati 80 mimi naihesabu kuwa ya wati 55. Ukitaka 80 za kweli, nunua ya betri mbili, au ya 21700 nzuri.

KijanaWaLuthuli

Buda umeongea ukweli. Huku Nairobi, pale Luthuli, kuna wasee wanatoa seli kwa betri za laptop zilizokufa, wanavalisha plastiki mpya, wanakuuzia kama mpya. Zinaingia vizuri kabisa, na inawaka. Mtu anajuaje?

FundiWaya

Kijana, seli za laptop zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukizidai ampea 20 zinapata moto mkononi. Dalili za haraka: pima uzito, angalia kama maandishi ya plastiki yamepinda, tazama kwenye ncha kama kuna makovu ya kuchomelewa, maana seli za laptop huwa zimeunganishwa kwa vibati. Ukiona alama mbili ndogo za kuchomelea kwenye ncha ya betri "mpya", mrudishie.

Muuzaji akishindwa kukuambia ni modeli gani, ampea ngapi, ondoka. Mimi ni afadhali nitumie mashine yenye betri ya ndani isiyotoka kuliko nzuri ya betri mbili yenye seli za kubahatisha.

Mama_K

Wanangu hamjambo. Mimi si mvutaji. Nimekuta kwenye begi la kijana wangu wa kidato cha tatu kitu kama flashi kubwa, kina harufu ya embe. Hakina kioo wala vitufe. Nimesoma hapa juu naona mnaongelea vyenye vioo. Hiki ni nini?

FundiWaya

Shikamoo mama. Hicho ni vepu ya kutupa, au ya podi, yaani kikasha kidogo cha juisi. Haina cha kurekebisha: nguvu imepangwa kiwandani, akivuta inawaka yenyewe. Kwa kawaida ndani yake kuna nikotini ya chumvi, ambayo haikwaruzi koo hata ikiwa kali, ndiyo maana mtoto anaweza kuvuta nyingi bila kukohoa. Angalia ubavuni kama kumeandikwa 20 mg, 50 mg, au asilimia 2, asilimia 5. Asilimia 5 ni 50 kwa mililita. Kwa mtoto wa kidato cha tatu hiyo ni nyingi mno.

Akiwa anaivuta kila siku, akinyimwa ghafla atakuwa na hasira, usingizi utamruka, hatatulia darasani. Si ukaidi peke yake, ni nikotini. Zungumza naye kwa utaratibu, na kama inashindikana mpeleke kwa daktari. Usiitupe kwenye moto, ina betri ya lithiamu.

Mswahili_Leicester

Mama pole sana. Hapa Uingereza serikali ilizipiga marufuku hizo za kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, kwa sababu ya watoto na kwa sababu ya uchafu wa betri. Na nikotini hapa, kama Umoja wa Ulaya, haizidi 20 kwa mililita, chupa haizidi mililita 10, tangi haizidi mililita 2. Hizo za 50 ni mambo ya Marekani na masoko yasiyobana.

Fundi, unaweza kugusia kudhibiti joto? Mashine yangu ina sehemu hiyo, sijawahi kuielewa.

FundiWaya

Hapo ndipo mimi napopapenda, samahanini nitarefusha.

Waya wa chuma ukipata joto, omu zake zinapanda. Baadhi ya vyuma vinapanda sana na kwa kipimo kinachojulikana: nikeli, titani, chuma cha pua. Chipu inasoma omu za koili ikiwa baridi, kisha inaendelea kuzisoma mara nyingi sana wakati unavuta. Ikiona zimepanda kiasi fulani, inajua waya umefika, tuseme, nyuzi 220, basi inapunguza umeme. Pamba ikikauka waya unataka kuruka juu, chipu inabana. Huonji pamba ya kuungua hata siku moja. Evolv hao hao ndio walioileta kwa nguvu na chipu ya DNA 40 mwaka 2014.

Waya wa Kanthal, ambao ndio umejaa kwenye koili za dukani, omu zake hazibadiliki kwa kiasi cha kupimika vizuri. Kwa hiyo ukiweka koili ya Kanthal halafu ukachagua mtindo wa joto, mashine inachanganyikiwa, inakatakata au inaleta ujumbe wa ajabu. Mashine ni nzima. Umeiuliza swali ambalo waya hauwezi kujibu.

Ukiwa na koili ya chuma cha pua, iliyoandikwa SS316L: ifunge ikiwa baridi kabisa, subiri, soma omu, zifunge kwa kitufe cha kufuli kama kipo, chagua SS kwenye orodha, weka nyuzi 200, panda taratibu. Wengi wanaishia kati ya 200 na 230. Propilini glikoli inachemka kwenye 188, glisirini 290, mchanganyiko wako uko katikati. Mashine nyingi zinakuruhusu hadi 315. Huna kazi huko.

Kama koili zako ni za dukani na hujali kufunga waya mwenyewe, baki kwenye wati, utaishi vizuri tu.

Tabibu_Mdogo

Niingilie kidogo kwa upande wa afya, kwa sababu hili la joto si la ladha tu.

Januari 2015 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, Oregon. Walichemsha juisi kwa volti 3.3, hawakuona formalidehaidi, kemikali ya sumu. Walipopandisha hadi volti 5, wakaiona kwa wingi. Magazeti yakaandika kwamba vepu ni mbaya kuliko sigara. Mwaka huo huo daktari Mgiriki, Farsalinos, na wenzake wakajibu kwamba koili ya aina ile ikifikishwa volti zile pamba inakauka, na hakuna binadamu anayevumilia mvuto huo, unakwaruza na kunuka.

Somo langu mimi, na wengine wanaweza kubisha: pande zote mbili zinakuambia usivute koili iliyokauka. Ukisikia ladha ya kuungua, hiyo si ya kuvumilia hadi tangi liishe. Acha hapo hapo.

Na ule ugonjwa wa mapafu wa Marekani wa 2019, watu 2,807 waliolazwa au kufa, vifo vikiwa 68, kufikia Februari 2020, chanzo kikubwa kilichobainika ni vitamini E asetati kwenye katriji za bangi za magendo. Kwa hiyo fundi, watu wasitie mafuta yoyote. Si mafuta ya nazi, si ya mchaichai, si ya mzeituni. Mafuta hayaendi kwenye mapafu.

Mwisho, kuacha sigara kwa vepu yenye nikotini kumepimwa. Mapitio ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, yanaonyesha inasaidia zaidi ya viraka na pipi za nikotini. Lakini faida hiyo inapatikana ukiziacha sigara kabisa. Anayevuta vyote viwili kwa siku moja ameongeza kazi, hajapunguza.

FundiWaya

Ahsante tabibu. Hilo la mafuta nimeshakutana nalo kwenye meza yangu ya ufundi. Mtu alitia asali. Asali!

Kuhusu kukauka: koili mpya usiiwashe mara moja. Dondoshea juisi kwenye vitundu vya pamba, jaza tangi, acha dakika 10. Anza chini kabisa ya kile kilichoandikwa. Kama ni 50–60, anza 45 au 50, vuta mara chache, panda wati 2 au 3 kila mara hadi ladha ikae. Ikianza kuwa kali kooni, rudi chini. Wengi mtashangaa kwamba ladha inakaa kabla hata hujafika katikati.

Na juisi tamu sana, hizi za keki na pipi, zinaacha masizi kwenye waya. Koili ambayo ingekaa wiki mbili inakufa ndani ya siku chache, nawe unalaumu mashine.

MpwaWaTanga

Nimeelewa. Swali dogo: nataka niende Maskati kwa dada yangu mwezi ujao. Naibeba vipi kwenye ndege?

Mswahili_Leicester

Mpwa, tangu 2015 sheria za anga za kimataifa zinakataza kuiweka kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Inakaa kwenye mkoba wako, imezimwa, betri za akiba ndani ya kasha lake. Huwezi kuichaji wala kuivuta ndani.

Lakini Oman wenyewe wamepiga marufuku biashara yake. Mimi ningeiacha Tanga. Dada yako hastahili kuitwa uwanjani kwa sababu ya wingu la embe.

KijanaWaLuthuli

Na wale wa malori wanaopitia Malaba pia wajue, Uganda sheria yao ya tumbaku ya 2015 imezipiga marufuku, pamoja na shisha. Usifike Kampala ukaanza kutafuta koili.

MpwaWaTanga

Haya, Maskati nitakwenda na pipi za nikotini. Fundi, nihitimishe: kwa mimi wa pakiti moja, ninunue nini hasa?

FundiWaya

Sitataja duka. Tafuta yenye sifa hizi: wati zinaanzia 5 hivi na kufika 40, betri ya ndani ya mAh 1,500 au zaidi, hewa inayoweza kubanwa, kioo kinachoonyesha omu, na koili zake ziwe zinapatikana mjini kwako. Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Mashine nzuri ambayo koili zake zinaagizwa kutoka nje ni pambo la kabati. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji akuonyeshe koili tano za omu 0.8 au 1.0 rafuni. Akisema "zitakuja wiki ijayo", shukuru uondoke.

Chukua juisi ya nikotini 18 au 20, ladha ya tumbaku au mnanaa, nusu kwa nusu. Ukiona bado unatamani sigara, usipandishe wati. Vuta mara nyingi zaidi kwanza.

BintiAggrey

Fundi, mimi nina ya betri mbili tayari, ya kaka. Betri moja plastiki yake imechanika karibu na ncha, inaonekana chuma. Inafanya kazi lakini. Naweza kupiga gundi?

FundiWaya

Hapana Binti, toa sasa hivi. Ubavu wote wa ile betri ni hasi. Chanya ni kile kitufe cha juu tu. Plastiki ikichanika pale karibu na ncha, ukuta wa mashine unaweza kuunganisha chanya na hasi, na hapo ni shoti isiyopitia chipu, hakuna cha kuikata. Ni sababu hiyo hiyo hatubebi betri tupu mfukoni na sarafu au funguo.

Ngozi mpya za betri zinauzwa, unaivalisha na kuipuliza hewa moto inabana. Ila hakikisha kile kikaratasi cha duara cha juu kipo na hakijachanika. Ikiwa chuma kimebonyea, au betri imewahi kupata moto isivyo kawaida, usivalishe. Funika ncha zote kwa selotepu na uitenge na takataka nyingine.

Na kwa kuwa ni za betri mbili: zinunuliwe pamoja, zichajiwe pamoja, zifanye kazi pamoja. Usiweke mpya na ya kaka.

BintiAggrey

Nimezitoa. Ya pili ina tarehe ya kalamu juu yake, 2019. Hiyo nayo?

FundiWaya

Nayo. Nunua jozi.